Ng'ombe wa Nchi Tatu

Ng'ombe alikataa majani. Sinyati aliyachambua upya, akamwekea yale laini juu ya hori, lakini ng'ombe aligeuza kichwa akaelekeza pua ukutani, akihema kama mtu aliyepanda mlima na mzigo. Machozi yalikuwa yamemchirizika yakalowesha manyoya ya uso. Sinyati akampapasa chini ya sikio, akakuta tezi limevimba, gumu kama kiazi.

"Ndigana hiyo," alisema mama mkwe wake kutoka mlangoni mwa banda. Bibi kizee huyo kila mtu pale nyumbani alimwita Yeyo, yaani mama. Alikuwa amejitanda shuka mpaka masikioni kwa baridi inayoshuka kutoka Mlima Meru asubuhi. "Majani ya Olmotonyi yamekuja na kupe wake."

Yeyo alikuwa amesema kweli. Majani ya tembo waliyopanda nyuma ya nyumba yalikauka tangu mvua za vuli zilipowatupa, na tangu hapo alikuwa akienda na punda, safari ya kutwa nzima, kutafuta majani upande wa Olmotonyi ambako mlima bado una unyevu. Dawa ya kunyunyizia kupe ilikuwa imekwisha. Mumewe, Frederick, aliahidi kuja nayo kutoka mjini, kisha akasafiri, akarudi, akasafiri tena.

Safari hizo zilikuwa za mradi. Mradi wenyewe ulikuwa na jina refu la kanda nzima, lakini watu wa Oldonyo Sambu waliufupisha wakauita mradi wa hewa. Nchi tatu zilikuwa zimekubaliana kulima na kufuga kwa mpango mmoja, bila kumaliza misitu na bila kuchafua hewa. Kwa mfugaji, maana yake ilikuwa kuuza ng'ombe wa kienyeji na kubaki na ng'ombe mmoja wa maziwa anayekaa bandani, mavi yake yakienda kwenye shimo la biogesi. Frederick alikuwa wa kwanza kukubali. Aliuza kundi lote, wakiwemo wale ambao Sinyati alikuwa akiwakamua tangu alipoolewa. Maziwa yao yalikuwa mali yake, na hakuna mwanamume aliyewahi kumuuliza ameyapeleka wapi. Ng'ombe mpya alitoa maziwa mengi kuliko wale wote kwa pamoja, huo ulikuwa ukweli. Lakini maziwa hayo yalikwenda kituo cha kukusanyia, na malipo yakaingia kwenye simu ya Frederick. Kwa Sinyati yalibaki maji ya kubeba, majani ya kukata na mavi ya kukoroga.

Alimpigia mumewe. Simu ilikuwa imezimwa. Akampigia Prosper, bwana mifugo mwenye duka la dawa karibu na barabara kuu, naye akaja na pikipiki yake kabla chai haijapoa.

Prosper alimpima ng'ombe joto, akasikiliza kifua, akakunja uso. "Ni ndigana kweli. Na dawa ninayo hapa kwenye mkoba."

"Basi mchome."

"Mama Naisula, huyu ana hereni ya mradi sikioni." Alisema taratibu, kama mtu anayeomba radhi. "Ng'ombe wa hereni haruhusiwi kuguswa na mtu mwingine mpaka Dokta Rodrick wa mradi aseme ndiyo. Niligusa mmoja mwaka jana kule chini, akafa. Bima ikakataa kulipa, lawama zote zikawa zangu. Nilikaribia kufungiwa duka."

"Mimi mwenyewe nasema mchome."

"Aliyeandikwa ni mzee Frederick." Prosper aliangalia pembeni. "Nipate neno la mzee na la daktari, hata kwa simu. Nitamchoma hapohapo."

Walijaribu simu ya Dokta Rodrick, ikaita mpaka ikakatika. Wakajaribu ya Brenda, mratibu wa mradi, nayo ilikuwa imezimwa.

"Wako kwenye mkutano mkubwa," Prosper alisema. "Nchi zote tatu zimekuja. Kila mtu yuko huko."

"Kila mtu?"

"Kila mtu. Lakini ukimpata mmoja wao kabla jua halijageuka, ng'ombe ana nafasi. Mimi nitashinda dukani. Nikipigiwa, nakuja."

Sinyati alinawa mikono, akabadili shuka, akamwacha Yeyo bandani na ndoo ya maji na kitambaa cha kumpozea ng'ombe kichwa.

*

Jirani yao Yona alikuwa anapeleka kabichi soko la Kilombero, mjini, akamchukua mbele ya pikapu yake. Njiani aliongea habari za bei ya kabichi na Sinyati akaitikia pasipo kusikia. Sokoni alishuka, akaukata mji kwa miguu mpaka Sekei, kwenye hoteli yenye bendera tatu getini.

Mlinzi alimtazama kuanzia shanga za shingoni mpaka miguuni. "Takwenya, yeyo."

"Iko," Sinyati aliitikia, akapata moyo kidogo kwa kusikia salamu ya nyumbani.

"Mbona umechelewa hivyo? Kikundi cha ngoma kimeshaingia zamani. Pita mlango wa jikoni, huku wanapita wageni."

Sinyati alifungua kinywa aeleze, kisha akakifunga. Mlango ni mlango. Akapita jikoni, katikati ya sufuria na wahudumu wenye mashati meupe, mpaka kwenye ujia ambako wanawake waliovaa shuka jekundu kama lake walikuwa wameketi juu ya kreti za soda wakisubiri kuitwa. Mmoja wao, msichana mwenye rangi ya midomo, alimwambia bila ubaya, "Mama, sisi nafasi zetu zimeshajaa. Kama ni malipo, muulize kiongozi, usituulize sisi."

"Sikuja kucheza," Sinyati alisema.

Alisukuma mlango wa ukumbi, akasimama nyuma ya viti vya mwisho. Mbele kulikuwa na bango refu kupita mtu. Juu yake alikuwa ng'ombe wao, anang'aa, na pembeni yake Frederick akitabasamu. Siku ile ya kupigwa picha, Sinyati ndiye aliyekuwa amemshika ng'ombe kamba, na mpiga picha alimwomba asogee kidogo, tena kidogo. Alisogea. Bangoni ulibaki mkono wake tu, umeshika kamba, hauna mwenyewe.

Frederick halisi alikuwa jukwaani, ndani ya koti aliloazima kwa mwinjilisti. Wageni walikuwa na vidude masikioni vya kuwatafsiria.

"Zamani mke wangu alihangaika sana," alikuwa akisema. "Aliamka kabla ya majogoo kufuata kuni msituni. Leo kuni hatufuati, msitu umepona. Anawasha jiko kwa kidole. Mke wangu sasa anapumzika."

Watu wakapiga makofi. Frederick aliinua uso kuwapokea, na macho yake yakatua nyuma ya ukumbi, juu ya shuka jekundu alilolijua. Alikohoa. Akamalizia sentensi mbili kwa haraka, akashuka, akapita pembeni ya ukuta mpaka alipokuwa mkewe.

"Mama Naisula, umefuata nini huku?"

"Ng'ombe anakufa. Simu yako imezimwa."

"Tumeambiwa tuzime." Macho yake yalishuka hadi kwenye miguu ya mkewe, ambayo ilikuwa na mavi yaliyokauka kwenye vifundo. "Ungejifuta kwanza, basi."

Alisema chini chini, na papo hapo akaonekana kutamani kulirudisha neno lile. Sinyati alikunja shuka, akainama, akajifuta miguu kwa pindo lake, mbele yake, mpaka ikawa safi. Kisha akamwambia, "Nimejifuta. Yuko wapi daktari?"

*

Dokta Rodrick alikuwa kwenye chumba kingine, ghorofani, ambako wakuu wa mradi kutoka nchi zote tatu walikuwa wamejifungia na mgeni rasmi kupitisha mpango wa pamoja. Mlango ulikuwa na askari. Haufunguliwi mpaka mgeni rasmi atoke.

Brenda aliwaeleza hayo huku akiwakalisha kwenye makochi ya nje ya ukumbi. Alikuwa mwanamke wa makamo ya Sinyati, mwenye kadi tatu shingoni na macho mekundu ya mtu asiyelala. Aliagiza chai na maandazi, akavuta kiti karibu. Alisikiliza yote bila kukatiza.

"Dada Brenda, Prosper yuko tayari na dawa," Sinyati alisema. "Wewe mwambie tu amchome."

"Mimi siyo daktari, mama. Ruhusa ni ya Rodrick peke yake, na bima imeandikwa hivyo. Utaratibu ni wa nchi tatu. Nikiuvunja mimi, Kenya na Uganda wataniuliza kwa nini Tanzania ina utaratibu wake."

"Ng'ombe yuko nchi moja tu."

Brenda alipangusa uso kwa kiganja. "Najua. Mungu anajua kwamba najua." Akamgeukia Frederick. "Na kesho wageni wote hawa wanakuja kwenu. Umemwambia mama?"

Frederick aliangalia kikombe chake. "Nilikuwa nataka kumwambia leo jioni."

Sinyati aliwatazama wote wawili. Wageni wote hawa, na maji ya kuwanawisha, na banda la kuoshwa, na chai ya kupikwa. Mhudumu alileta sahani ya wali na nyama, akaiweka mbele yake, akaondoka. Ilikuwa nyama ya ng'ombe. Aliitazama mpaka ikapoa.

Wakati mgeni rasmi alipotoka, na wapiga picha wakamaliza kazi yao, jua lilikuwa limeshageuka. Lakini Dokta Rodrick alipoambiwa hakupoteza hata dakika. Alitoa simu akiwa bado kwenye ngazi. "Prosper, mchome. Mchome sasa hivi, mimi nakuja." Akawaita Brenda na Frederick na Sinyati kwenye gari la mradi, akamwambia dereva akanyage.

Walimkuta ng'ombe amelala ubavu, povu jeupe limejaa puani. Prosper alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alisimama aliposikia gari.

"Nilimchoma mara tu uliponipigia," alisema. "Lakini kifua kimeshajaa maji."

Rodrick alipiga magoti kwenye simenti na suruali yake ya mkutano, akafanya aliyoweza. Ng'ombe alinyoosha shingo mara moja, kama anayetaka kuona kitu kilicho mbali, kisha akaiweka chini. Frederick alikuwa hajamaliza kuvua koti.

Yeyo akatoka nje akikokota miguu.

"Nyama yake haifai, ana dawa mwilini. Mzikeni," Rodrick alisema hatimaye. Akafungua mkoba, akatoa kisu kidogo. "Samahani, mama. Bima wanataka sikio lenye hereni." Alilikata, akalifunga kwenye mfuko wa nailoni, akauandika kwa kalamu. "Wataniuliza mara ya mwisho mlinyunyizia kupe lini."

Sinyati alimtazama mumewe. Frederick alikuwa anatazama koti mkononi mwake.

*

Vijana wa jirani walikuwa wanachimba shimo upande wa miti ya mkaratusi, na Brenda alikuwa ameketi juu ya jiwe karibu na jiko, amevua viatu. Alikuwa ameongea na simu muda mrefu. Alipomaliza aliwaita mtu na mkewe.

"Nitasema moja kwa moja, kwa sababu sina nguvu ya kuzunguka. Magari sita yanakuja hapa kesho. Watu wanaotoa fedha za awamu ya pili watakuwa ndani yake. Wakikuta banda tupu, sijui kitakachobaki, si kwenu tu, hata kwa kaya nyingine."

"Wapelekwe kwa mwingine," Sinyati alisema.

"Biogesi inayowaka iko kwenu peke yenu. Kwingine shimo limekauka kwa kukosa maji." Brenda alijisugua vidole vya miguu. "Efraimu wa Ngaramtoni ana ng'ombe wa mradi anayefanana na wenu. Atakuja alfajiri na gari, jioni atarudi kwao. Wageni wanashuka, wanaangalia, wanaondoka. Si uongo sana. Ni ng'ombe wa mradi vilevile."

"Halafu sisi?" Frederick aliuliza.

"Bima sina uhakika nayo, ninyi wenyewe mnajua kwa nini. Lakini ziara ikienda vizuri, nitaweka jina lenu la kwanza kwenye awamu ya pili. Hilo ninaweza."

Frederick alikubali kwa kichwa. Kisha akamtazama mkewe, na Sinyati akaona kwamba hakuwa anamuuliza. Alikuwa anamwomba. Kwa mara ya kwanza siku ile alimwonea huruma. Mwanamume huyu aliuza ng'ombe wa baba yake mbele ya ndugu waliomcheka, akawaambia wasubiri waone. Kesho ndugu hao wangekuwa wamejipanga uani wakiangalia.

"Banda litahitaji kuoshwa," Sinyati alisema, akaenda kumfunga punda madumu.

*

Ng'ombe wa Efraimu aliteremshwa kukiwa bado na ukungu. Alikuwa mzuri, mnene, mwenye baka jeusi mgongoni kama yule wa bangoni, na tangu alipotia mguu bandani alianza kulia akiita kwao. Sinyati alimwekea majani na maji. Aliosha simenti mara ya pili kwa majivu, kwa sababu harufu ya jana ilikuwa haijatoka. Akachota maji ya kunawa wageni, akakoroga mavi, akachemsha chai. Mikono ilifanya yote hayo yenyewe. Kichwa chake kilikuwa kizito, kimeziba, kama baada ya msiba.

Magari yalikuja yote kwa mkupuo. Frederick aliwapokea akiwa na koti lake. Alieleza vizuri: kundi alilokuwa nalo, ng'ombe mmoja wa sasa, maziwa, msitu. Jiko liliwashwa, moto wa bluu ukaruka, watu wakainua simu zao. Brenda alisimama nyuma akihesabu pumzi.

Mjumbe mmoja wa Kenya, mama mtu mzima mwenye fimbo na viatu vya raba, hakwenda kwenye jiko. Alikwenda bandani ambako Sinyati alikuwa amesimama, akaegemea hori.

"Shikamoo mama," Sinyati alisema.

"Marahaba, binti yangu. Mimi pia nafuga, huko Nyandarua. Wangu wawili." Alimnyooshea ng'ombe mkono, ng'ombe akajivuta nyuma akalia. "Huyu anasumbuka leo. Anaitwa nani?"

Lilikuwa swali dogo. Jina lolote lingetosha. Sinyati alilitafuta kichwani, na kulitafuta kwenyewe kukamwelemea. Angelitaja jina, na mama huyu angeuliza alizaa lini, na ingebidi aitafute tarehe. Angeuliza ndama yuko wapi, na ingebidi amtafute ndama. Ilikuwa kama kuambiwa arudi tena mtoni na dumu jingine, baada ya yale yote ya asubuhi. Mkono wake uliegemea ukuta. Hakuwa anafikiri habari ya haki wala ya batili. Alikuwa amechoka tu.

"Sijui jina lake," alisema. "Ameletwa leo asubuhi. Wa kwetu amekufa jana, tumemzika pale kwenye mikaratusi."

Mama wa Kenya hakugeuka kuita mtu. Alivuta ile ndoo iliyopinduliwa, akakaa juu yake kwa taabu ya magoti. "Alikufa na nini?"

"Ndigana. Bwana mifugo wa hapa alikuwa na dawa mkononi. Ikabidi tusubiri ruhusa mpaka mkutano uishe."

Mama yule aliiweka fimbo katikati ya magoti. "Na mkutano wenyewe ulikuwa wetu," alisema.

"Ndiyo, mama."

Mkalimani kijana aliyekuwa mlangoni alikuwa ameyasikia yote, na hakujua kama ni kazi yake kutafsiri au la. Lakini mzungu mmoja alimuuliza wanaongea nini, naye akatafsiri. Kutoka hapo maneno yalitembea uani kutoka kundi moja hadi jingine, bila kelele, na kila yalipofika watu waliacha kupiga picha. Frederick aliyaona yakimfuata. Yalipomfikia alikuwa ameinua kikombe cha maziwa ya kuonyesha. Akakishusha.

Hakuna aliyegomba. Wageni waliwapa pole, mmoja mmoja, wakapanda magari mapema kuliko ratiba. Brenda alipita karibu na Sinyati akielekea garini. Alitikisa kichwa, akaenda.

*

"Umetumaliza," Frederick alisema jioni ile, baada ya Efraimu kumchukua ng'ombe wake huku akinung'unika kwamba hakukamuliwa vizuri.

"Nilichoka, Baba Naisula."

"Nani hajachoka?"

"Mimi sijui habari ya wengine. Mimi nilichoka."

Siku zilizofuata waliongea kwa mambo ya lazima tu: chumvi, ada ya Naisula shuleni, dawa ya kifua ya Yeyo. Moto wa bluu ulififia kwa kukosa mavi, ukazimika, Sinyati akarudi kwenye kuni. Kanisani ndugu waliomcheka Frederick zamani hawakumcheka tena, walimpa mkono kwa upole, na upole ule alishindwa kuuvumilia kuliko kicheko. Akawa anakaa benchi la nyuma.

Brenda alirudi wakati mvua za masika zilipokuwa zimeanza kudondoka. Hakuja na gari la mradi, alikuja na bodaboda, viatu vimejaa tope. Alikaa kwenye kigoda, akasema alichokuja kusema. Bima ilikataa kwa sababu ya kupe. Awamu ya pili ilipita, lakini imepelekwa kata nyingine, na jina lao halimo.

"Kuna moja nilitaka mlisikie kwangu," aliongeza. "Nchi zote tatu zimekubali bwana mifugo wa kijiji amtibu ng'ombe kwanza, ruhusa ifuate baadaye. Yule mama wa Kenya alisimama nalo mpaka wakachoka kumpinga."

Frederick alikuwa ameketi mlangoni. "Ni vizuri," alisema.

"Ni vizuri," Sinyati naye alisema. Aliwaza ng'ombe wa watu asiowajua, kwenye mabanda asiyoyajua, wakichomwa sindano mapema. Lilikuwa jambo la kweli na la maana, na halikuweka kitu kwenye sufuria yake. Akammiminia Brenda chai ya rangi. Brenda akainywa yote, akashukuru, na alipoaga Sinyati alimsindikiza mpaka barabarani, kwa sababu hata yeye alionekana hana pa kupumzikia.

Juma lile lile Sinyati alipanda kwa kaka yake, Lerionka, upande wa juu, bila kumwambia mumewe anakwenda kufanya nini. Hakuomba kupewa. Aliomba kukopeshwa ng'ombe wa kukamua kwa msimu mmoja, kama watu wao walivyokopeshana tangu zamani. Lerionka alimtazama, akaenda zizini, akatoka na jike mfupi mwenye nundu na pembe zilizopinda. "Hana maziwa mengi," alimwonya.

"Yanatosha."

Alimswaga mpaka nyumbani kwa miguu. Frederick alikuwa anaziba ufa wa banda kwa udongo. Alisimama, tope mikononi.

"Wa nani huyu?"

"Wa kaka yangu. Atarudi mvua zikiisha." Sinyati alifunga kamba kwenye mti, kwa sababu ng'ombe alilikataa banda la simenti katakata. "Na maziwa ni yangu. Kikombe cha Yeyo, cha chai yetu, na yanayobaki nitajua mimi pa kuyapeleka."

Alisubiri aseme lolote. Frederick alimzunguka ng'ombe, akamshika nundu, akamkagua masikio ndani na chini ya mkia kutafuta kupe, polepole, kama alivyofundishwa na baba yake. Alimtoa mmoja, akamponda kwa kucha.

"Sawa," alisema. Halafu, akiwa bado amempa mkewe mgongo: "Dawa ya kupe nilisema nitaleta. Sikuleta."

"Hukuleta."

"Kule jukwaani nilisahau kabisa kama kuna dawa ya kununua."

Sinyati alikamua akiwa amechuchumaa. Maziwa yalikuwa machache kweli, mazito, ya moto. Yeyo alinywa ya kwanza, akalamba midomo. Waliobaki walikunywa chai ya maziwa uani, wakitazama wingu likishuka kwenye mlima.

"Kesho nani atampeleka malishoni?" Frederick aliuliza.

"Si mimi. Kesho nitalala mpaka jua liingie ndani."

Asubuhi alizinduka saa yake ile ile kwa mazoea, akasikia mlango wa nje ukifunguliwa kwa uangalifu, kisha kwato zikipita kando ya ukuta, na Frederick akimwongoza ng'ombe kwa miluzi mifupi ya wachungaji. Punda alifuata, madumu matupu yakigongana mgongoni. Sinyati alisikiliza mpaka sauti zote zikaishia bondeni. Akajigeuza upande wa pili, akavuta shuka mpaka mabegani, akalala.